Sinia Nimeondoka Nalo

Baba Bahiya,

Nimekwenda Garsen kumwona yule dada wa lishe wa kliniki, nitarudi alasiri. Wali uko sufuriani, samaki nimemfunika. Saa saba mkae wote. Bahiya akisema "nitakula baadaye", usikubali.

~~Asiondoke mkekani mpaka amalize.~~ Hapana, hilo nimelikata. Kaa naye tu, mpigie hadithi zako za shamba. Usimhesabie matonge, wala usimwambie amenenepa, hata kwa kumsifu.

Asubuhi ulikuwa umeshatoka. Nilimpakulia ndizi za nazi kwenye sahani yake peke yake, kama tulivyoagizwa kliniki, wadogo zake wakila pamoja siniani. Akaisukuma. "Kwani mimi nina ukoma?" Nikamfokea, Mungu anisamehe. Nikamwambia miezi yote ile mkono wake uliingia siniani ukatoka mtupu, na sisi tukidhani anakula. Akanijibu polepole, "Na wewe, mama? Wewe hula ukoko jikoni, umesimama. Nani amewahi kukuona ukila?"

Wadogo zake walipomaliza, nikaliosha sinia, nikalifunga kangani.

Basi leo kila mtu na sahani yake. Zitoe zile za wageni kabatini. Sinia msilitafute, nimeondoka nalo, nitalilaza kwa dada yangu, kule kijijini Minjila.

Sahani ni sita: watoto wanne, wewe, na mimi. Yangu ipakue, uifunike. Nikirudi mwite Bahiya, akae anitazame nikila.

Mama Bahiya