Zulia Ndani ya Boti ya Baba

Nyumbani,
Chumba cha makochi, mlango wa nyuma,
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na watoto. Hamjambo? Kifua cha wifi kimetulia? Na yule mdogo, ameacha kumkimbia mbwa wa jirani? Sisi huku ni wazima, na Mama bado anatushinda wote kwa sauti. Ukiona mwandiko wangu unarukaruka, usidhani naumwa. Ni furaha, na pia vidole vimeshikana kwa gundi.

Hali ya Baba tangu alipougua unaijua. Mguu wa kushoto anauburuta, na ile boti yetu ya bati ndani ni mbavu tupu toka mbele mpaka nyuma. Siku moja mguu ukanasa kwenye ubavu, akaanguka kifudifudi juu ya nyavu zake, nusura atumbukie. Hakurudi tena ziwani. Kisha akatangaza kwamba boti anaiuza, na yule bwana mwenye bucha akasema ataifuata Jumamosi ya tarehe nane.

Wewe uliandika tumwache auze, apumzike. Sikukulaumu, uko mbali. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwona kila asubuhi akivaa viatu vya kazi, anakaa navyo kidogo dirishani, halafu anavivua. Kaka, roho iliniuma.

Basi nikajiambia, kama kisa ni mbavu, mbavu nitazifunika. Mimi si fundi makochi? Mtu anayevalisha kochi la watu watatu atashindwaje kuvalisha boti? Nikaenda ufukoni na maboksi ya zamani, nikakata pateni, yaani kielelezo cha umbo, kama ya kitambaa, nikaipachika ndani ya boti mpaka ikakaa sawasawa. Seremala wa jirani akanikatia plaiwudi kwa kuifuata, vipande vitatu, cha katikati kinainuka ili maji yakiingia chini uweze kuyachota. Baba aliponiuliza ni kitu gani, nikasema ni kochi la mteja. Akaguna tu.

Hapo ndipo ufundi wangu uliponiponza. Mkono umeshazoea, bwana! Nikatandaza sponji juu ya plaiwudi, sponji nene, ile ya makochi ya maharusi, nikaweka zulia juu yake na kulibana kwa pini zangu za kawaida. Nikamwita Mama apite. Akavua viatu, akatembea taratibu kama yuko hotelini, akasema, "Jamani, hapa hata mimi nitavua samaki!"

Halafu nikamwaga ndoo ya maji kujaribu. Maji yakapotea. Nikamwaga ya pili, nayo ikapotea. Tulipotaka kuinua kile kipande cha katikati, mimi, Mama na seremala, hakikusogea. Sponji ilikuwa imekunywa yote. Seremala alicheka mpaka akashika mlango.

Kelele zile zikamtoa Baba dirishani. Akaja, akaangalia, akapanda juu yake. Mguu ukadidimia, akayumba, akadaka ukuta.

"Mwanangu," akasema, "umenitengenezea boti au kochi?"

Nikakosa pa kuficha uso. Akasimama pale, anabonyezabonyeza kwa ule mguu mbovu. Kisha akasema, "Miguu yangu inataka kitu kigumu. Ng'oa hiyo sponji." Kaka, umesikia? Alisema miguu yangu, si ya mnunuzi! Nilikimbilia koleo la kung'olea pini kabla hajabadili mawazo.

Tukaanza upya. Plaiwudi tukaianika juani, nikaipiga msasa mpaka ikalainika, nikaipaka vanishi juu na chini, nikaona nimemaliza. Seremala akaja kukagua, akapitisha kidole pembeni, akatikisa kichwa. "Dada, mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema. Nikadhani ananitania tu, kumbe anasema kweli tupu. Plaiwudi ni tabaka juu ya tabaka, na maji hayapigi hodi juu, huingilia pembeni, kisha mbao inavimba na kufumuka. Kingo nilikuwa nimeziacha kavu kabisa. Tukachanganya ile gundi ya makopo mawili, inayokauka ikawa ngumu kama kioo, tukazipaka kingo zote na kila tundu la skrubu, ikakauka, tukapaka tena.

Zulia safari hii ni lile la plastiki la barazani, manyoya mafupi, halinywi maji. Nikaligandisha kwa gundi isiyoogopa maji, nikalikunja pembeni na kulibana kwa chini kwa pini zisizoshika kutu. Pembe zimekaa, Kaka! Sijisifu, lakini hata kochi la hakimu sijawahi kulikunja pembe namna ile. Kwa kuwa mvua ilianza, vyote vilikaukia sebuleni. Mama alikula amesimama siku mbili, na mpaka leo anadai mchuzi ulinuka vanishi.

Ijumaa jioni tukavipachika vile vipande botini, tukavifunga skrubu, ila kile cha katikati kinachoinuka. Jana Jumamosi mwenye bucha akaja mapema kuliko alivyosema. Alipoona zulia akavua viatu mwenyewe! Akatembea, akakaa, akanyoosha miguu, akasema anaichukua hivyo hivyo ilivyo, na bei ataongeza. Mimi mjanja nilikuwa nimempamba bibi harusi ili mwingine aje kumchukua.

Baba akasema, "Ngoja kwanza niingie."

Akatanguliza mguu mzima. Halafu ule mwingine akauvuta, na ukateleza juu ya zulia polepole bila kunasa popote. Akaenda mpaka kwenye injini, akageuka, akarudi mpaka mbele, akaenda tena. Hakuna aliyemshika. Mama alikuwa amenibana mkono mpaka kucha zikaniingia, na mimi nilikuwa nalia waziwazi mbele ya watu, sioni haya kukwambia.

Baba akamwambia, "Bwana, mimi nilisema nauza boti iliyonishinda kutembea. Hiyo haipo tena. Unisamehe."

Mwenye bucha alinuna kidogo, naye alikuwa na haki yake. Kisha akaniuliza kama nitamwekea zulia kama lile akipata boti kwingine. Nikamwambia alete tu, ila sponji sina. Seremala akaanza kucheka upya.

Usije ukajilaumu kwa lile uliloandika. Hata mimi siku nyingine niliona bora iuzwe, basi. Njoo uione mwenyewe likizo, uje na wifi na watoto. Waambie shangazi yao sasa anavalisha na boti.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula au unakunywa chai tu. Salamu pia toka kwa shangazi mkubwa. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awaepushe na kila baya, atukutanishe sote tukiwa wazima.

Nilitaka Baba naye atie mstari wake hapa chini kwa mkono wake. Nimeita chumbani, nimeita uani, na seremala naye nyumbani kwake hayupo. Ndipo Mama akanicheka, akasema waliondoka wote wawili, nyavu begani, kabla sijaamka. Kwa hiyo barua hii itakuja bila salamu za Baba. Usiwe na wasiwasi, Kaka. Baba yuko kazini.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba