Pingamizi la Mama na Kompyuta Iliyokataliwa

Steshenari ya Beatrice,
Nyuma ya Stendi,
Karatu.
2 Machi 2025

Mpendwa Kaka Benson,

Hujambo huko Mtwara? Wifi hajambo? Kikohozi cha mtoto Elibariki kimepoa, au bado kinawakeshesha? Joto lenu linavumilika? Sisi huku tunalala na mablanketi mawili na asubuhi ukungu unaingia hadi dukani, lakini tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua akipanda mlima tu, na kwa kuwa kijiji chetu cha Endabash ni mlima mtupu, basi linamsumbua kila siku. Mvua imeanza kuchungulia na maharage tumeshapanda.

Sasa kaa chini, Kaka, nikueleze mambo ya wasomi wetu.

Unakumbuka Yohana, jirani yetu wa upande wa bonde, aliuza shamba lake kwa mtu wa kambi za watalii. Wapimaji wakaja, ramani mpya ikachorwa, ikabandikwa ofisi ya kijiji. Nikaenda kuisoma. Mpaka umeruka ua wa miti ya manyara aliopanda Baba, umeingia kwetu hatua ishirini nzima, na kaburi la Baba liko upande wa watalii. Walivyo na mikono myepesi, namshukuru Mungu hawakumchukua na Mama.

Mwenye pingamizi alipewa mpaka Ijumaa iliyopita, tarehe ishirini na nane. Nikaandika pingamizi la Mama vizuri, nikalipeleka kwenye ile ofisi ambayo sitaitaja, maana hata bahasha siku hizi zina masikio. Afisa wa pale, Bwana Thomasi, hakunyoosha hata mkono. Akasema hawapokei karatasi, kila kitu ni kwenye mfumo, serikali imehama kwenye mambo ya kizamani. Sawa. Nikarudi dukani, nikawasha ile kompyuta uliyonifufulia Krismasi ya mwaka juzi, ukaiwekea Linux badala ya Windows. Mfumo ukafunguka, ukanitazama juu mpaka chini, ukaandika kwa wino mwekundu kwamba kompyuta yangu haitambuliki, nitumie Windows.

Haitambuliki! Kompyuta iliyochapa barua za nusu ya Karatu, vyeti vya ubatizo, mihtasari ya vikoba vya akiba, hata mialiko ya harusi ya bosi wa huyo huyo Thomasi. Nikampigia simu. Akanijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: "Dada, hiyo uliyonayo siyo kompyuta. Tafuta kompyuta."

Nikakata simu. Nikaenda kwa Nafisa, jirani yangu wa duka, yeye ana hiyo Windows. Mfumo ukakataa tena, eti Windows yake ni ya zamani. Nikajaribu kwa simu, fomu ikatokea nyeupe pe, haina mahali pa kuandika hata jina. Cyber ya stendi ina mashine mpya, ila siku nzima ya Alhamisi foleni ilifika barabarani na mfumo wenyewe ulikuwa umelala. Mtu aliyejenga nyumba yenye mlango mmoja akaficha na ufunguo, halafu anaita hiyo huduma kwa wananchi! Nawadharau, Kaka. Nimejaribu kutafuta neno la upole zaidi, sikulipata.

Ijumaa asubuhi Mama akashuka mwenyewe na bodaboda, goti na yote. Amefunga kitu kwenye khanga. Akakifungua juu ya kaunta: tawi la manyara, limekatwa kutoka mpakani, bado linatoa maziwa. Ushahidi. Wazee wa kwetu wakikaa kwenye kesi ya shamba si huonyeshwa mmea wa mpaka? Basi akaniambia niliingize kwenye mfumo. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, maana katika habari yote hii yeye ndiye peke yake aliyeleta kitu cha kweli. Nikampa chai, akakaa kwenye benchi.

Saa sita mchana nani anaingia anatoka jasho? Bwana Thomasi. Ana flashi mkononi. Kompyuta za ofisini, zile zinazotambulika, zimeshikwa na virusi, mafaili yote yamepotea, na taarifa yake inasubiriwa wilayani saa nane. Ameambiwa na watu kuwa kwangu virusi haviingii. Akasukuma tawi la Mama pembeni ili aegemee kaunta, utomvu ukamjaa vidole. Mama, kwa wema wake, akamwambia: "Mwanangu, usijifute machoni, utapofuka. Nenda kanawe."

Alipokuwa ananawa nikachomeka flashi kwenye kitu kisicho kompyuta. Mafaili yote yakaonekana, hayakuwa yamepotea popote, virusi viliyaficha tu. Nikachapa taarifa yake. Ukurasa wa pili, chini ya jina la kijiji chetu, kumeandikwa: Mapingamizi yaliyopokelewa, hakuna. Wananchi wameridhika na mipaka.

Nikaisoma kwa sauti. Mama akaweka kikombe chini.

"Hakuna? Na mimi niliyekaa hapa tangu asubuhi ni nani?"

Thomasi akarudi kutoka kunawa, akanyoosha mkono apewe taarifa yake. Nikamwambia taarifa haitoki hapa mpaka karatasi ya Mama igongwe mhuri. Akasema mfumo hauruhusu. Nikamwambia basi mfumo umchapie na taarifa. Kaka, mhuri ulikuwa kwenye mkoba wake muda wote! Akagonga, akasaini, akakata lile neno "hakuna" kwa kalamu, akaandika "moja". Nilimtoza bei ya kawaida, asije akasema nimemwonea.

Nakala yenye mhuri iko ndani ya bahasha hii, itunze. Wakaguzi watakuja shambani tarehe ishirini, na wanamtaka mtu aliyeuona mpaka ukiwekwa. Yohana hatasema kweli, ameshakula. Mama hakuwepo, siku ile alikuwa amelazwa akinizaa mimi. Aliyeshika kamba Baba akipanda manyara ni wewe, ulikuwa na miaka minane. Umebaki peke yako. Njoo, Kaka, na uje mwenyewe kwa miguu yako, usitume picha, watasema simu yako haitambuliki.

Msalimie sana wifi, mbusu Elibariki, mpe pole Mzee Jumanne, jirani yenu, kwa kufiwa. Nafisa anakusalimu. Mungu akulinde njiani, akufikishe na mvua njema.

Mama alirudi nyumbani na tawi lake. Amelichomeka kichwani pa kaburi, anasema limwambie Baba kwamba unakuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Beatrice