Klachi Niliichezea Mimi

Debora mwanangu,

Sina nguvu kwenye goti la kushoto, sina subira ya kumngoja fundi, na leo asubuhi sikuwa na ujasiri wa kukwambia ukweli. Jana nilikaza kebo ya klachi ili pedeli isishuke mbali, mguu wangu upate nafuu. Kitabu cha ufundi nilikisoma mwenyewe. Wewe hukujua. Ulipoachia pedeli kama siku zote gari halikusogea, ukaongeza mafuta, likaruka hadi kwenye geti, na mjukuu wangu Anjelina akapasuka mdomo. Ukasema, “Baba, hili gari limezeeka.”

Usiliwashe mpaka Fredy fundi airekebishe klachi. Uji wa Anjelina uupoze kwanza.

~~Jumapili nitaendesha polepole.~~ Hapana. Funguo ziko kwenye kabati la vyombo, ni zako.

Kaka yangu Bartolomayo wa Buigiri haoni, na kila Jumapili hunisubiri nimpeleke kanisani. Simpigii simu, sauti yangu itanisaliti. Nimemwandikia kwamba siendeshi tena; mkewe atamsomea. Bahasha nimeshaifunga kwa gundi, naenda kumkabidhi kondakta wa basi kabla sijaghairi.

Baba yako