Jani Linalopumua

Yuma, 9 Machi

Mwanangu Nereida,

Hujambo? Kifua cha bibi yako kimepoa? Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonidai. Letusi ya kuvuna huku ikiisha, tunarudi nyumbani Salinas.

Binti yangu, chuo kikuu kimekukubali! Nyapara alisimamisha mashine ya kuvunia, kundi zima tukagonga visu kwenye vyuma vyake hadi watu wa shamba la jirani wakauliza kuna harusi gani. Wamekuchangia koti. Sasa shangazi yako ananipigia, eti unawaza kile chuo cha miaka miwili hapo bondeni. Kile cha waliokosa pa kwenda? Nereida, usinitie aibu.

Mama yako,
Eufrosina

Salinas, 17 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Bibi hajambo, analalamika tu kwamba humpigii simu.

Aibu gani, mama? Chuo kikuu nilikitembelea. Ukumbi mkubwa ajabu, mwalimu kule mbele mdogo kama kidole. Nilibaki mdomo wazi. Nataka kwenda, naapa, ila mwaka wa tatu, nikimaliza miwili ya hapa. Huku bondeni, Jumatano jioni, kwenye darasa la wageni, mwalimu aliniachia hadubini mikononi mwangu. Nikaweka jani la letusi. Mama, lina midomo! Midogo, mingi, ndiyo linapumulia. Nililia mbele za watu. Nataka kwanza kushika, si kutazama kwa mbali.

Chuo kikuu wanataka jibu kabla ya Mei mosi. Sijibu mpaka uje uone.

Mwanao,
Nereida

Salinas, 24 Aprili, mezani

Nereida,

Umeamkaje? Nimekuacha umelala fofofo, naenda shamba.

Juzi darasani ulinionyesha jani kwenye hadubini; tukitoka nikatembea haraka mbele yako, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nimekata letusi tangu hujazaliwa, kumbe ilikuwa ikipumua mikononi mwangu! Jana nikasimama na kisu, nyapara akafoka, "We mama, umeota mizizi?" Nikamwambia, "Inapumua, ndugu yangu!" Wenzangu walicheka mpaka mashine ikatupita. Wacheke tu.

Chuo chagua mwenyewe. Ila yule mwalimu wako nilimuuliza pembeni kama wanapokea wanafunzi wenye mikono kama yangu. Kasema nije kiangazi hiki. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

Siku hiyohiyo, nyuma ya karatasi yako

Shikamoo, mama mwanafunzi!

Nimekusoma nimesimama, chai ikapoa. Chuo kikuu nimewajibu: si sasa, nitaomba tena nikimaliza hapa. Lile koti vaa wewe, darasani kuna baridi. Utakaa kando yangu.

Njoo na jani.

Mwanao, na mwenzako wa darasa,
Nereida