Mahali pa Zaina Kuingia

Jumatatu, 20 Mei 1968
Alfajiri msikitini. Kisha darasa la watoto. Kisha chai ya rangi, peke yangu.
Adhuhuri nimepita kwa Juma, fundi wa redio hapa Buyenzi. Kutoka kwenye mkanda wa zamani wa kasida za kinamama wa msikiti wetu anatengeneza mwingine, upigwe siku ya Maulidi, kisha upelekwe ukafanywe santuri. Ule wa zamani ataufuta, arekodie mambo mengine. Marehemu mke wangu Zaina yumo humo. Sauti yake haikubaki mahali pengine.

Jumatano, 22 Mei
Nimeusikiliza mkanda mpya. Nimehuzunika sana.
Katika ule wa kwanza kasida huanza chini, matari yakiguswa kwa ncha za vidole. Zaina huvuta pumzi, kisha huingia. Wenzake humfuata, na sauti hupanda kama watu wanaoinuka mmoja mmoja. Juma amepandisha kila kitu. Sindano ya kipimo cha sauti imelala kwenye wekundu, haitoki. Kilichokuwa chini kimekuwa kikubwa. Kilichokuwa kikubwa kimekosa pa kwenda. Matari yanakwaruza kama mafuta kikaangoni. Pumzi haipo.
Nimemwambia. Akacheka.
"Mwalimu, watu wanasikilizia redio mu garaji, na kule kuna nyundo. Kitu ya pole, nani atasikia? Ni masikio yako imezeeka."
Nikamjibu kwamba kila mwenye redio ana kitufe chake cha kupandishia sauti. Akaendelea kuchomelea waya.

Ijumaa, 24 Mei
Kinamama wameusikia. Vigelegele. Mkubwa wao amenisihi nisiwaharibie furaha. Kasida ni zao. Sina haki nazo.
Namwomba Mola anisamehe, ikiwa namtafuta mke wangu mahali pa kumsalia Mtume.

Jumapili, 26 Mei
Mariamu, dada yake Zaina, amekuja kutoka Kajaga na samaki. Nimempeleka kwa Juma bila kumwambia neno. Amesikiliza mkanda mpya mpaka mwisho, mtandio mdomoni.
"Shemeji, Zaina anaingia wapi?"
Juma akainamia mashine yake. Safari hii hakucheka. Lakini kinamama wameshachagua, na neno lao nimeliacha lilivyo. Nimeomba kimoja tu: asiufute ule wa zamani. Ameufunga kwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili.

Jumapili, 9 Juni
Maulidi. Kipaza sauti kimetikisa mtaa mzima. Watu wamefurahi, nami sikumkunjia mtu uso. Alasiri wamekizima.
Mkanda uko sandukuni, kati ya kanga za Zaina. Mashine ya kuupigia sina.
Nimeketi kitandani, upande wangu, nikaisoma kasida kwa sauti ya chini. Nilipofika mahali pake nikanyamaza, nikamwachia nafasi ya kuvuta pumzi.