Sombe ya Mama Euphrasie

Papa Annonciata,

Ndizi iko ndani ya chungu, sombe, majani yetu ya muhogo, iko kando ya moto. Ufungie kuku mbele ya giza kuingia. Annonciata niko naye, usimutafute.

Nimeenda kwa Mama Euphrasie. Ndiyo, kwake kabisa, kule asubuhi hii kanisani ulikataza wakristu wote kukanyaga, ati juu mama-mukwe wake alichezea wale mapacha waliozaliwa usiku ngoma ya mizimu ya wazee. Mama-mukwe njo anacheza, lakini mwenye kuzaa njo anaazibiwa! Akili ya katekista hiyo. Kisha ukatuimbisha ati siye wote tuko ndugu wa tumbo moja. Uliimba, bwana wangu, mpaka mishipa ya shingo ilisimama! Na kule mwenzetu amelala na vitoto viwili, bila kuni, bila maji, na wamama wako wa sala wanapita mbele ya mulango wakiangalia miti.

Padri akirudi, umuambie bibi yako ameasi. Sababu nitamuambia mimi.

~~Usinifuate.~~ Hapana, unifuate. Lakini uje na kuni mugongoni, katikati ya kijiji, watu waone katekista wao.

Na ile sombe, kama ni tamu usinisifu, sikuipika mimi. Mama Euphrasie alituletea jana, mbele uchungu wa kuzaa umushike.

Usisahau kuibariki mbele ya kukula.

Bibi yako,
Mama Annonciata