Kwa Odero, Uliyebaki Naivasha

Ndugu yangu Odero,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nakuambia mapema usije ukasema Ochieng' amebadilika. Sijabadilika. Bado ni yule mdogo wako mwenye mdomo, bado niko stoo ya mizigo hapa reli Nakuru, bado nakaa landhi ileile ya wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la nje. Wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga. Miezi saba sasa.

Mkeo Awuor amejifungua. Mtoto wa kiume! Nilimchukua yeye na Mama wakae kwangu, maana kile chumba chenu cha wafanyakazi huko Naivasha alipewa mtu mwingine. Mtoto alizaliwa mzima, ana masikio yako makubwa, maskini. Lakini analia, Odero. Si kilio cha njaa, si cha tumbo. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa wowote. Analia tangu jua linapochomoza hadi sauti inamkauka, halafu anaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi tu. Hapo ndipo nywele hunisimama.

Unajua kwetu mtoto akilia hivyo anatafuta jina. Mama alimpakata akaanza kutaja watu wetu waliotangulia, mmoja mmoja, akingoja anyamaze atakaposikia lake. Akaita Babu, akaita Baba, akaita yule shangazi mkali aliyekuwa akitufukuza kwenye mihogo yake. Wapi! Alipowamaliza wote, mtoto bado analia. Jina moja lilikuwa halijatajwa na kila mtu mle chumbani alilijua. Awuor alipofungua mdomo tu, Mama akamnyooshea kidole: "Usimwite! Jina la mtu aliye hai haliitwi hivyo. Unataka kuniulia mwanangu?"

Maana Mama hajakubali. Wazee walipotaka kuzika tunda la mvungunya mahali pako, kama tunavyofanya mtu akimezwa na maji na mwili usionekane, aliwafukuza na mwiko mkononi. "Mwanangu amesafiri," akasema. Basi ukawa si mfu wala si mzima, na mwanao akaanza kukonda. Ijumaa nilimshika mgongoni nikahisi mbavu zote. Nikasema, hapana, mimi naenda huko ziwani nikaone kwa macho yangu.

Jumapili nikavaa suti. Usinicheke! Si wewe ulikuwa ukiniambia, "Njoo siku moja nikutembeze kama bwana mkubwa. Ukae nyuma ya mashua, mguu juu ya mguu, mimi nipige kasia"? Na mimi kila mara nikisema wiki ijayo, wiki ijayo. Gari moshi lipo kila siku, Odero, na mimi ni mtu wa reli. Uvivu tu ndio ulionizuia kuja. Nisamehe.

Naivasha ni mji mdogo kuliko nilivyodhani kutokana na sifa zako. Stesheni, maduka machache ya Wahindi, kisha vumbi hadi kwenye migunga ya manjano kando ya maji. Wazungu walikuwa wamekuja kustarehe, motokaa zao zimepangwa kivulini, fimbo za kuvulia samaki, vikapu vya chakula, watoto wakikimbia hovyo. Kila mtu anacheka. Nilisimama nikawachukia wote, hata watoto, Mungu anisamehe.

Nikaenda kula kwanza. Kile kibanda cha Mama Nekesa nyuma ya gati nilikitambua kwa harufu, maana uliponisimulia habari za samaki wake mate yalikuwa yakikutoka. Kabla sijajitaja akasema, "Wewe ni mdogo wake. Masikio hayo." Akaniwekea ngege mzima wa kukaanga, amepasuliwa ubavuni, na ugali moto na kunde. Ni kweli, ni mtamu. Nilikula nikilia, pilipili ikanisaidia kuficha.

Nilipomaliza akanivuta nyuma ya kibanda. Akaniambia siku ile uliagiza samaki, kisha ukaitwa. Ukamwambia, "Niwekee, narudi sasa hivi." Kwao, mtu akiagiza chakula akaondoka duniani kabla ya kukila, mwenye jiko hapati amani. Basi kila Jumapili hukuwekea sahani yako ya bati juu ya jiwe linalotazama ziwa. "Nilidhani ni paka," akasema. "Lakini paka wa hapa hawasogei hapo."

Odero, niliiona ile sahani. Miiba ilikuwa imepangwa ukingoni, mkubwa kwanza, halafu mdogo wake, halafu mdogo wake, hadi ule usioonekana vizuri. Ulikuwa ukifanya hivyo nyumbani mpaka Baba akakuchapa kwa kuchezea chakula, ukaacha. Ulikuwa na miaka minane au tisa. Sijawahi kumwambia mtu. Nikakaa chini palepale na suti yangu.

Barasa, yule mwenzako wa mashua, ndiye aliyenipeleka majini. Alinipa sharti moja kabla sijapanda: tukiwa ziwani nisikutaje. Mabaharia wa pale aliyezama humwita "yule bwana" tu, kwa sababu, alisema, maji hayana mlango, ukimwita mtu anatokea popote. Nikamwambia sawa. Nikakaa nyuma, lakini mguu juu ya mguu haukuwezekana, nilishika ukingo kwa mikono miwili.

Ukiwa ufukweni ziwa lile ni zuri. Ukiingia kati linakuwa kitu kingine. Mafunjo yale hayakushikwa na ardhi, yanatembea! Barasa akanyoosha kasia kunionyesha kisiwa kirefu cha mafunjo, akasema siku ile kilikuwa upande wa mlima Longonot, leo kimehamia huku, na mashua yako ndogo waliikuta katikati yake. Upepo wa alasiri ulikuwa umepeperusha kofia ya mgeni mmoja, nawe ukaingia kuifuata. Mashua ilikuwa tupu. Kofia ilikuwa juu ya kiti chako, kavu, haina hata tone. Kasia zimelazwa vizuri ndani.

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nakuapia sikukusudia kuvunja sharti la mtu. Lakini kofia! Ya ukindu! Nikasimama ndani ya mashua nikaanza kukugombeza kama mwendawazimu: Odero wewe, ni kichwa gani hicho, mke ana mimba unafuata kofia? Odero, mama yako hali, halali! Odero, mtoto wako anakufa kwa kulia, na wewe umekaa kwenye majani unakula samaki? Ala! Ondoka huko, twende nyumbani!

Barasa aliacha kupiga kasia. Viboko waliokuwa wakikoroma wakanyamaza. Ndege nao. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile, nilisikia saa yangu ya mkononi. Kisha mashua ikainama, Odero. Upande wangu wa kushoto, polepole, kama inavyoinama mtu mzima anapoingia akitokea majini, ikachota maji kidogo, ikatulia. Nikakaa. Nilitaka kugeuka, Barasa akanikataza kwa macho. Akatazama jinsi mashua ilivyozama ukingoni, akatema mate pembeni, akasema, "Haya. Sasa tuko watatu." Akapiga kasia hadi gatini, jasho likimtiririka, na yeye ni mtu mwenye nguvu.

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini nitakuambia ukweli, nilifurahi pia. Nilikaa kando yako dakika ishirini, na ulinuka tope na mafunjo, nami sikujali.

Stesheni kulikuwa na askari wakikagua vipande vya utambulisho, unajua mambo ya siku hizi za hali ya hatari. Kijana mmoja mwenye bunduki akachukua changu, akakisoma, akanirudishia. Halafu akanyoosha mkono kando yangu, kushoto, akasema, "Na huyu mwenzako, chake kiko wapi?" Mkono wake ukabaki hewani. Akapepesa macho, akatazama chini sakafuni, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kunipungia nipite. Garini watu walikuwa wamesongamana hadi mlangoni, wengine wamesimama na kuku mikononi. Nafasi iliyokuwa kando yangu hakuna aliyeikalia hadi Nakuru.

Nilifika landhi jua likitua. Kilio cha mtoto nilikisikia tangu kwenye bomba la maji. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Mama, niyalete taratibu, nizunguke zunguke kwanza. Nilipoingia mlangoni yote yakapotea. Mama alinitazama usoni, halafu akatazama suti yangu. Akasimama, akaja akanishika mkono wa kushoto wa koti. Ulikuwa umelowa, unadondosha maji sakafuni. Wa kulia ulikuwa mkavu kabisa. Akavileta vidole vyake puani, akanusa.

Sikulitaja jina lako, omera, ndugu yangu, naapa kwa kaburi la Baba. Mama mwenyewe alimwendea Awuor, akamchukua mtoto, akamwinua karibu na uso wake. Akasema kwa sauti ndogo, "Odero."

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kabisa, akamtazama Mama kwa macho makavu, akapiga mwayo. Mama akamrudisha kwa Awuor taratibu. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akatoka nje, akapiga nduru ya msiba ambayo alikuwa ameizuia miezi saba. Landhi nzima ilitoka. Nilimshika asianguke, na mimi nililia nawe ukisikia, najua ulisikia, ulikuwa ungali mlangoni.

Jumamosi tunakwenda nyumbani kuzika lile tunda. Mama ndiye aliyelichagua mwenyewe. Kaburi litachimbwa upande wa kulia wa mlango wako, kama inavyostahili mwenye nyumba, na nitakuwa pale nikishika jembe. Twende pamoja, nimekuwekea nafasi.

Kisha ulale, ndugu yangu. Nakuahidi mwanao nitamlea kama wangu, na kwa kuwa najijua, nitamgombeza kutwa kucha, hata majirani watachoka kulisikia jina lenu. Lakini nikiita Odero, ni yeye ninayemwita. Wewe usiitike tena.

Mdogo wako,
Ochieng'